Ni chombo gani kinakula umeme nyumbani? Pima bila kuungua



Jumapili moja ya wakati wa mvua, saa nne asubuhi, walimleta dispanseri baba mmoja anayefanya kazi katika kiwanda cha kusagia mawe. Mkono wake wa kuume ulikuwa umefungwa kipande cha kitenge, nyusi zimeungua, na macho yanatoa machozi kama ya sudere aliyesahau miwani. Mtu huyu namfahamu. Kazini hajapata ajali miaka yote niliyo hapa. Hagusi mota ya mkanda kabla disjonkteri haijakatwa, kufuli yake mwenyewe imefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwake. Nilipomfungua mkono alisema, «Munganga, mimi nilitaka kuhesabu tu.» (Mimi ni asistenti, lakini mtu anayeumia humwita munganga kila mwenye koti jeupe.)

Alitaka kuhesabu nini? Katika parseli yao wanakaa jamaa tatu, na kompteri ni moja. Faktiri ikifika, wanaigawa mara tatu sawasawa. Miezi ilivyopita faktiri ilipanda, na majirani wakaanza kusema: «Ni frigo ya Baba wa mbele inayotumaliza.» Yeye akasema ni resho ya Mama wa nyuma. Kijana wa tatu, asiye na frigo wala resho, alisema analipa bure tu. Maneno yalikuwa makali, watoto wakakatazwa kucheza pamoja. Basi baba yetu akanunua sokoni kipimo kile cha namba chenye waya mbili, nyekundu na nyeusi, ili amalize maneno. Akaingiza waya nyekundu katika tundu lililoandikwa 10 A, akageuza kitufe kwenye ampere, kisha akachomeka ncha mbili katika matundu ya prizi.

Wasomaji, wengi wenu mna kipimo kama hicho nyumbani, au mtoto wenu wa shule ya ufundi anacho. Kwa hiyo nataka mfahamu vizuri jambo lililotokea. Kipimo kikiwekwa upande wa volti, ndani yake kinazuia umeme sana, na umeme unaopita ni kidogo mno. Lakini kikiwekwa upande wa ampere, ndani yake ni kama kipande cha waya mtupu. Kazi yake ni kuacha umeme wote upite ndani yake ili kiuhesabu. Ukikiweka hivyo katika prizi, ni sawa na kuchukua msumari na kuunganisha matundu mawili. Fizibli ya kipimo cha bei ndogo mara nyingine hupasuka vibaya, na chombo kinalipuka mkononi. Ndivyo ilivyokuwa. Umeme haukupita mwilini mwake, na hiyo ni bahati. Ulioumiza mkono na macho ni mwali wa moto ule wa ghafula.

Sharti la kwanza basi: ncha za kipimo haziingii katika prizi ili kutafuta ampere. Hata siku moja. Na kusema kweli, kazi aliyotaka kuifanya haihitaji kipimo hicho. Chombo cha kuhesabu umeme wa nyumba anacho tayari ukutani. Ni kompteri.

Kwanza tufahamiane juu ya maneno mawili, kwa sababu watu wanayachanganya, hata wale wenye diploma. Kuna wati, na kuna kilowati-saa. Tazama mkanda wa kubeba mawe. Msimamizi akisema «mkanda huu ni tani 100 kwa saa», anasema nguvu ya mkanda. Akisema «leo tumetoa tani 800», anasema kazi iliyofanyika, maana mkanda ulitembea saa 8. Wati ni kama ile tani kwa saa. Kilowati-saa ni kama tani zilizotolewa mwisho wa zamu, na ndizo zinazolipwa. Resho ya wati 1,500, ni kusema kilowati 1 na nusu, ikiwaka saa 2 inakula kilowati-saa 3. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka usiku mzima, saa 12, hailaji hata sehemu ya kumi na mbili ya hiyo: 9 mara 12 ni 108, yaani kilowati-saa 0.1 na kidogo. Lakini nyumba nyingi wanagombana juu ya balbu, na resho haisemwi.

Njia ya kwanza ya kupima ni kusoma tu. Nyuma ya kila chombo, au chini yake, kuna kibati kidogo. Tafuta herufi W. Pasi mara nyingi ni 1,000 au zaidi. Birika la umeme ni 2,000 hivi. Televizio ya kisasa ni kama 50 mpaka 100. Chaji ndogo ya simu ni 5. Kama hukuti W lakini unaona V na A, zidisha: 220 mara 2 ni wati 440. Kusoma hakuumizi mtu, ila chomoa chombo kwanza kabla hujakigeuza.

Lakini kibati hakisemi yote. Chukua frigo. Mota yake inawaka, inazima, inawaka tena, kwa hiyo huwezi kuzidisha wati zake kwa saa 24 na kusema umepata ukweli. Chukua pia resho. Kibati kimeandikwa kwa volti 220. Jioni, wakati mji wote unapika, volti inashuka katika mitaa mingi. Ikishuka mpaka 180, resho ya 1,500 inatoa wati 1,000 tu, maana nguvu ya resho hushuka haraka kuliko volti. Ndiyo sababu maharagi yanakataa kuiva saa moja ya jioni, na mama analaumiwa bure. Resho haidhuriki kwa volti ndogo, bali mota ya frigo inateseka, inapata joto, na inaweza kuungua. Umeme ukidhoofika sana, chomoa frigo. Ukikatika, chomoa pia, usiirudishe mara moja unaporudi. Ngoja dakika 10, kwa sababu unaporudi unaweza kuja na kishindo.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendelea. Hailipishwi kitu na haikutaki uguse waya hata moja.

Simama mbele ya kompteri. Kama ni ya zamani, ndani ya kioo kuna sahani ya bati yenye alama nyeusi au nyekundu inayozunguka. Juu yake pameandikwa namba, mfano 375 tr/kWh. Maana yake, sahani ikizunguka mara 375, umekula kilowati-saa moja. Kama ni kompteri mpya, kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pameandikwa mfano 1000 imp/kWh, yaani kupepesa mara 1,000 ni kilowati-saa moja. Namba hizi zinabadilika kutoka kompteri moja hadi nyingine. Andika ya kwenu.

Sasa chomoa vyombo vyote vya nyumba na zima taa. Kuchomoa ni kushika kichwa cha waya, si kuvuta waya, na mikono iwe mikavu. Kisha chomeka chombo kimoja tu unachotaka kukijua, kiwashe, na mtu mmoja ahesabu mizunguko akitazama saa. Tuseme resho iko peke yake, na sahani inazunguka mara 10 kwa sekunde 64. Fanya hivi: 3,600 mara 10 ni 36,000. Gawanya kwa sekunde 64, unapata 562.5. Gawanya tena kwa namba ya kompteri, 375, unapata 1.5. Ndizo kilowati za resho hiyo. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya, na ni hesabu nzuri kwake kuliko nyingi za daftarini. Kwa kompteri ya taa ni hesabu ileile: hesabu kupepesa badala ya mizunguko.

Kwa frigo, fanya namna nyingine. Usiku, watu wakilala, acha frigo peke yake. Andika namba za kompteri pamoja na ile ya mwisho baada ya nukta, na saa kamili. Asubuhi kabla mtu hajawasha kitu, andika tena. Toa ya kwanza katika ya pili. Ikiwa ni 0.6 kwa saa 7, basi kwa siku nzima ni kama 2. Mchana itazidi kidogo kwa sababu ya joto na mlango unaofunguliwa kila mara. Kama umeme ulikatika usiku ule, hesabu haifai, rudia siku nyingine. Wenye kompteri ya kulipa mbele wana rahisi zaidi: namba ya uniti zilizobaki inaonekana kwenye kioo, na uniti moja ni kilowati-saa moja. Andika kabla, andika baada.

Jumamosi iliyofuata, mkono wa baba yetu ukiwa bado katika bandeji, nilipita katika parseli yao kumbadilishia dawa. Nikawaomba wote watatu watoke mbele ya kompteri. Walikuja bila furaha. Mama wa nyuma alisimama amefunga mikono. Kijana ndiye aliyeshika saa ya simu yake. Tulichokuta nawaambia kama kilivyokuwa.

Frigo ya baba ilizungusha sahani mara moja kwa dakika moja: kilowati 0.16, si nyingi. Lakini tulikaa pale saa nzima na mota haikuzima. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka, karatasi ukiifungia mlangoni inateleza yenyewe. Frigo isiyozima ya 0.16 inakula kilowati-saa 3.8 kwa siku. Kwa hiyo majirani hawakusema uongo. Kisha resho ya mama: 1.5, na yeye mwenyewe alikiri kwamba maharagi na sombe vinamchukua saa 3 kwa siku, ni kusema 4.5. Kwa hiyo baba naye hakusema uongo. Kijana, na televizio yake na balbu mbili, hakufika hata nusu ya kilowati-saa kwa siku, na alikuwa analipa theluthi ya faktiri. Alicheka, lakini si kicheko kizuri.

Baadaye tulichomoa vyote ili kumaliza. Sahani haikusimama.

Ilikuwa inatembea polepole sana, mzunguko mmoja kwa dakika 4. Nilifanya hesabu juu ya karatasi ya dawa: 3,600 gawanya kwa 240, gawanya kwa 375. Ni 0.04, yaani wati 40, wakati hakuna kitu chochote kinachowaka. Umeme ulikuwa unakwenda mahali. Ukigawanya 40 kwa 220 unapata ampere 0.18, tunasema miliampere 180. Shikeni namba hiyo, nitairudia.

Hapo ndipo mama wa nyuma alipofungua mikono na kusema: «Lakini robine si inauma kila asubuhi?» Robine ya parseli, karibu na mahali pa kuogea, ilikuwa inatetemesha mkono tangu mvua kuanza. Watoto walifanya mchezo wa kuigusa kwa kidole na kukimbia. Na mimi, nikakumbuka. Mama huyu alikuja dispanseri mwezi mmoja kabla, akilalamika juu ya mkono unaowasha kama wadudu wanatembea ndani. Nilimpima damu ya presha, nikampa vidonge vya vitamini B. Sikumwuliza anashika nini asubuhi.

Tulikata disjonkteri kubwa pale pale. Sahani ikasimama, ni kusema kasoro iko ndani ya parseli, baada ya kompteri. (Kama ingeendelea kuzunguka, kasoro ingekuwa katika kompteri yenyewe au kabla ya disjonkteri, na hiyo ni kazi ya watu wa SNEL.) Usiku huo walilala na mishumaa. Elektrisieni alikuja kesho yake. Alikuta waya wa taa ya mahali pa kuogea umepitishwa chini ya udongo bila bomba la plastiki, na kiungo chake kimefungwa kwa mfuko wa sukari, sentimeta chache kutoka bomba la maji. Alipoukata, robine ilinyamaza.

Kwa hiyo nawaomba jambo hili, hata ninyi msio na ugomvi wa faktiri: mara moja kwa mwezi chomoeni kila kitu na mtazame sahani au taa ya kompteri kwa dakika 5. Ikitembea, na una hakika hakuna kilichobaki kimewashwa, ita fundi. Na ikiwa robine, ukuta, bati au mlango wa frigo unauma, usingoje kutazama kompteri. Kata disjonkteri kubwa, watoto wasipite, na usirudishe umeme kabla elektrisieni hajakuja. Wanaosema «ni kidogo tu, inatekenya» hawajui kwamba leo udongo ni mkavu na kesho itanyesha.

Njia ya tatu ni kipimo cha kuchomeka. Ni kisanduku kidogo kinachoingia katika prizi, kisha chombo kinaingia ndani yake, na kioo chake kinaonyesha wati na kilowati-saa. Ni kizuri kwa frigo, kwa sababu unakiacha siku mbili tatu na hakuna hesabu. Sipingi ukinunue, lakini tazama kabla hujatoa pesa. Kiandikwe 16 A na 250 V. Kiwe na nafasi ya waya wa ardhi, maana vingi vya bei ndogo havina, na ukivitumia frigo yako inapoteza kinga yake. Miguu yake ilingane na prizi ya nyumbani. Ukilazimika kutumia adapta ili kiingie, kiungo kinalegea, na kiungo kilicholegea hupata joto mpaka plastiki inayeyuka. Usikichomeke juu ya multiprizi iliyochomekwa juu ya ralonji, mnara ule tunaouona katika nyumba nyingi. Resho ya wati 2,000 inavuta ampere 9. Resho mbili ni 18, na multiprizi nyingi zimeandikwa 10 au 16. Baada ya dakika 10 za kwanza, zima chombo, kisha gusa kisanduku kwa mgongo wa mkono mkavu. Kikiwa cha moto, kitoe. Vile vya kisasa vinavyotuma namba kwenye simu ni hivyo hivyo, ila vingi vina ampere 10 tu, havifai resho wala birika.

Kuna njia ya nne, koleo linalozunguka waya na kusoma ampere bila kuukata. Elektrisieni wa kampuni wanalo. Si la nyumbani, na sababu ni hii: ukilizungushia waya mzima wa chombo, wenye nyuzi mbili ndani, linasoma sifuri. Lazima lishike uzi mmoja peke yake. Basi mtu asiyejua anachukua kisu, anapasua ganda la waya ili atenge nyuzi, au anafungua sanduku la disjonkteri likiwa na umeme. Nimeona matokeo ya visu hivyo. Waachieni wenye kazi yao. Vilevile kufungua kompteri, kukata plombe yake, au kupitisha waya pembeni ili sahani ilale. Siongelei faini hapa. Ncha zilizo kabla ya disjonkteri hazina kitu cha kukata umeme karibu yenu, na atakayeshikwa pale ataendelea kushikwa.

Nilisema nitairudia ile 180. Umeme wa nyumba ukipita mwilini, mtu anaanza kuusikia kwenye miliampere 1 hivi. Kufika 10, misuli ya mkono inajifunga yenyewe, na aliyeshika waya hawezi kuuachia hata akitaka. Wanaomtazama wanadhani anashikilia kwa ukaidi. Kupita 30, ikidumu, kifua kinashindwa kuvuta hewa na moyo unaweza kuacha kupiga, unatetemeka tu kama nyama iliyochinjwa sasa hivi, damu haitembei. Katika parseli ile udongo ulikuwa unanyonya 180. Kama kwa siku moja ya mvua mtoto mwenye miguu mitupu angekuwa ndiyo njia rahisi kuliko udongo, sehemu ndogo tu ya hizo ingetosha. Ngozi kavu inazuia sana. Ngozi yenye maji na sabuni haizuii karibu kitu.

Ndiyo sababu kuna disjonkteri ya diferensieli ya miliampere 30. Inakata yenyewe umeme unapotoroka. Soma ya kwenu: ikiandikwa 30 mA, inalinda mtu. Ikiandikwa 300 au 500, haimlindi. Ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kwa mwezi; isipokata, haifanyi kazi.

Sasa, mtu akishikwa mbele yako. Usimguse. Kata disjonkteri, au chomoa kichwa cha waya kama unaweza kukifikia bila kumgusa. Usipoweza, simama juu ya ubao mkavu au juu ya viatu vya mpira vikavu, msukume mkono au waya kwa mti mkavu, mpini wa fagio, kiti cha plastiki. Hiyo ni kwa umeme wa nyumbani tu. Waya mkubwa wa nguzo ukianguka, kaa mbali mita 10 na zaidi, na zuia wengine mpaka umeme ukatwe.

Akiisha kuachwa, mwite, mtikise bega. Asipojibu na hapumui, au anavuta hewa kwa nadra kama samaki nje ya maji, tuma mtu aite msaada na wewe anza. Mlaze chali mahali pagumu. Weka mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, katikati ya kifua. Sukuma chini kwa nguvu, sentimeta 5 mpaka 6 kwa mtu mzima, haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Aliyejifunza atasukuma mara 30 kisha kupuliza mara 2. Asiyejifunza asukume tu, bila kuacha. Ukichoka, mwingine ashike nafasi. Ubongo usiopata damu huanza kufa baada ya dakika chache, kama 4 hivi, kwa hiyo msipoteze wakati kutafuta gari kwanza. Maji ya kumwagia kichwani na kumzika mchangani «ili umeme utoke» havisaidii kitu. Umeme hautulii mwilini. Ukikatwa, umekwisha.

Mahali palipoungua, baada ya umeme kukatwa, paweke chini ya maji safi yanayotiririka dakika 20. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta ya mawese, majivu na yai vibaki vinakotumika. Mimi hupoteza nusu saa kuvitoa, na mgonjwa analia.

Mlete dispanseri hata akisema hana kitu. Alama ya umeme juu ya ngozi inaweza kuwa ndogo kama punje ya mahindi, na ndani misuli imepikwa. Mkojo ukiwa mweusi kama Coca, ni hatari kwa mafigo, msingoje asubuhi. Aliyezimia, aliyepitiwa na umeme kutoka mkono hadi mkono, mwenye moyo unaodundadunda, na mama mwenye mimba, hao wote ni wa hospitali siku ileile.

Baba yetu alirudi kazini baada ya wiki tano. Kidole chake cha shahada hakikunjiki chote, na kalamu anaishika kwa vidole vingine. Alibadilisha mpira wa frigo, na walipopima tena mota ilikuwa inapumzika nusu ya wakati. Mama wa nyuma anapika maharagi juu ya mbabula siku mbili kwa juma, kwa makala, nje ya nyumba. Faktiri wanaigawa kufuata hesabu waliyoifanya, na kijana ndiye anayeshika daftari. Limefungwa kwa kamba pembeni mwa kompteri, na kila Jumamosi jioni anaandika namba, mbele ya wengine wawili.

Wanaotaka kuonyeshwa hesabu ya sahani au kujifunza kusukuma kifua, waje dispanseri siku ya Alhamisi baada ya zamu ya mchana. Leteni namba ya kompteri yenu imeandikwa.